KUTHAMINI KAZI YA MTUMISHI: MAFUNZO KUTOKA NGARA NA BIHARAMULO

Katika semina za makada, suala la kuwathamini wafanyakazi mahali pa kazi mara nyingi huwekwa mwisho wa ratiba, pamoja na mengineyo. Baadhi ya washiriki hulichukulia kuwa ni kazi ya ofisi ya utawala: barua, cheti, soda na picha ya pamoja. Wengine, hasa vijana waliotoka vyuoni karibuni, huliona kuwa ni ujanja wa mabepari wa kumfanya mtu afanye kazi zaidi kwa malipo yale yale. Makundi yote mawili yana sehemu ya ukweli, lakini yote mawili yanakosea pale yanapodhani kwamba jambo hili halihusu siasa. Madhumuni ya makala hii ni kueleza kwa nini linahusu siasa. Tutafanya hivyo kwa kuziangalia wilaya mbili zilizo pembezoni mwa nchi yetu, Ngara na Biharamulo katika Mkoa wa Kagera, ambako kazi ya watumishi imepata kupimwa kwa mizigo ambayo wilaya nyingi hazijapata kuibeba.

CHIMBUKO LA DHARAU

Hapana budi kwanza tuelewe kwamba shukrani hutegemea uhusiano uliopo kati ya anayefanya kazi na anayefaidika na kazi hiyo. Mkulima aliyewaita majirani kumsaidia kulima aliandaa chakula na rubisi. Hayo hayakuwa malipo. Alikuwa anakiri mbele ya watu kwamba shamba lile limelimwa kwa mikono mingi kuliko yake, na kwamba kesho naye ataitwa. Ukoloni uliubomoa uhusiano huo. Wajerumani walijenga boma lao Biharamulo, kodi ikaja, na kodi ikawatoa watu majumbani. Baadaye, katika enzi ya Waingereza, watu wengi wa Bugufi na Bushubi walivuka mpaka kwenda kufanya kazi katika mashamba ya pamba na kahawa ya Buganda. Katika mashamba makubwa ya hapa Tanganyika, manamba alipewa kipande chenye nafasi za siku 30, na kila siku aliyoimaliza kazi aliyopangiwa ilitiwa alama. Siku ambayo nyapara hakuridhika haikutiwa alama, na jasho la siku hiyo likawa limekwenda bure. Kipande kilihesabu siku tu. Hakikuwa na mahali pa kuandika kwamba mtu huyu ni hodari, au kwamba aliwafundisha wenzake, au kwamba aliugua akarudi kazini kabla hajapona.

Tulipopata Uhuru mwaka 1961 tuliirithi mikono ya wafanyakazi pamoja na ofisi walizokuwa wakiamriwa humo. Viti havikubadilika sura. Waliovikalia ndio waliobadilika. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilishughulikia swali la nani amiliki njia kuu za uchumi, lakini halikuweza peke yake kubadili namna meneja anavyomsemesha mfagizi. Ndiyo maana Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 ulielekeza kuundwa kwa mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika kifungu chake cha 15, ukawakataza viongozi majivuno, anasa, dharau na uonevu.

Kilichofuata ni funzo ambalo makada wa leo hawana budi kulisoma upya. Kuanzia mwaka 1971 hadi 1973 wafanyakazi katika viwanda na makampuni kadhaa, hasa Dar es Salaam, walisimamisha kazi, wakawafungia mameneja nje ya milango, na katika kiwanda cha mipira cha Mount Carmel mwaka 1973 walikwenda mbali zaidi wakakiendesha wenyewe. Ukiyachunguza madai yao utaona kwamba fedha haikuwa peke yake. Malalamiko mengi yalihusu matusi, ubaguzi, kufukuzwa bila kusikilizwa na mabwana wakubwa waliokataa hata kuongea nao. Mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba nchi ni yake hakukubali tena kuitwa kwa kidole. Wapo waliosema kwamba wafanyakazi wale walikosa adabu. Maoni yetu ni kwamba waliusoma Mwongozo kwa makini kuliko wakubwa wao.

Kwa hiyo basi, kumthamini mfanyakazi katika mfumo wa ubwana na utwana ni hisani: bwana akipenda hutoa, asipopenda hatoi, na anayepokea hupiga goti. Kumthamini mfanyakazi katika nchi ya watu walio sawa ni kuitambua kweli, kwamba kazi hii imefanywa na huyu na tusingeifikisha hapa bila yeye. Mambo haya mawili yanaweza kutumia cheti kile kile na maneno yale yale ya pongezi, na bado yakawa mbingu na ardhi.

HAKI HAIGEUZWI ZAWADI

Kabla ya kuingia Ngara, tuliweke wazi jambo moja linalochanganywa kila siku. Mshahara, kupandishwa daraja kwa anayestahili, nauli ya likizo, fedha ya uhamisho, malipo ya kuitwa kazini usiku: hizi ni haki. Kiongozi anayelipa malimbikizo ya miaka mitatu kisha akataka apigiwe makofi anafanana na mkopaji anayerudisha deni akadai ashukuriwe kwa ukarimu. Kuanzia katikati ya mwaka 2016, wakati Serikali iliposimamisha upandishaji vyeo ili ihakiki watumishi na vyeti vyao, watumishi wengi wasio na kosa walisubiri muda mrefu. Uhakiki ulikuwa wa lazima, na watu wapatao 10,000 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi. Lakini mwalimu mwenye cheti halali aliyekaa daraja moja miaka yote hiyo hakuweza kutulizwa kwa risala. Ngazi zilipofunguliwa tena, na kima cha chini cha mshahara katika utumishi wa umma kilipopandishwa kwa asilimia 23.3 mwaka 2022, kisha ikatangazwa kwenye Mei Mosi ya mwaka 2025 huko Singida kwamba kitapanda kwa asilimia 35.1, kutoka Sh. 370,000/- hadi Sh. 500,000/-, hayo yalikuwa mambo ya haki na ya uwezo wa taifa. Shukrani huanza baada ya hapo. Aliyesema mkono mtupu haulambwi hakukosea.

Hata hivyo ni kosa vilevile kudhani kwamba haki ikilipwa yote yamekwisha. Ngara inatuonyesha pande zote mbili.

NGARA, 1994

Baada ya mauaji ya kimbari kuanza Rwanda mwezi Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Wilaya ya Ngara katika muda wa saa 24 hivi, tarehe 28 na 29 ya mwezi huo. Walikuwapo tayari wakimbizi wa Burundi waliokimbia baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993. Kambi ya Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya Kitaliano iliyowahi kuweka kambi yake hapo wakati wa ujenzi wa barabara, iligeuka ghafla kuwa moja ya kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Hatimaye idadi ya wakimbizi Ngara ilizidi idadi ya wenyeji wa wilaya nzima.

Tujiulize ni nani aliyewapokea siku zile za mwanzo. Kabla malori ya mashirika ya kimataifa hayajajipanga, walikuwapo wanavijiji ambao migomba yao ilikatwa na visima vyao vikakauka. Walikuwapo maofisa wa Serikali ya wilaya, askari wa mpakani, waganga na wauguzi wa vituo vilivyojengwa kwa ajili ya watu wachache, na watu wa hospitali za misheni kama Murgwanza na Rulenge. Dunia iliziona picha za Benaco. Katika picha hizo muuguzi wa Ngara ni vigumu kumwona.

Kisha mashirika yakaja na ajira. Yalihitaji wauguzi, walimu, madereva, mafundi, makarani na watunza ghala, tena mara moja, na yalilipa mishahara ambayo halmashauri haikuweza hata kuikaribia. Watumishi wengi wa umma wa Ngara, na wa wilaya jirani zilizopokea wakimbizi, waliacha zahanati na madarasa wakaenda kufanya kazi kambini. Mzigo ukawa mara mbili: wilaya imeongezewa watu, na wakati huohuo imepunguziwa watumishi. Zahanati ya kijiji iliyokuwa na wahudumu wawili ikabaki na mmoja, naye akitazama barabarani.

Kwa kada aliyezoea majibu ya haraka, jibu lilikuwa jepesi: hao ni wasaliti, wamependa fedha kuliko nchi. Sisi hatukubaliani na jibu hilo, na tunadhani kwamba ni hatari kulifundisha. Mtu hawezi kuhukumiwa kwa kwenda kuwatibu wagonjwa kilometa 20 kutoka alipokuwa. Tena lazima tuulize: wilaya ilikuwa imemfanyia nini kabla ya siku ile? Mshahara wake ulifika lini? Nyumba yake ilivuja? Mara ya mwisho mkubwa wake kumtaja kwa jina ilikuwa lini, na je, alimtaja kwa kosa au kwa jema? Pengo la mshahara lilikuwa kubwa kiasi kwamba hakuna wilaya ambayo ingeweza kuliziba, hilo tunalikubali. Lakini mtumishi anayeondoka mahali alipothaminiwa huondoka kwa kuaga, hukabidhi daftari la dawa, humfundisha anayebaki, na mlango wa kurudi huwa wazi. Asiyethaminiwa huondoka usiku.

Na kulikuwa na waliobaki. Hapa ndipo tunapotaka wanafunzi wetu wasimame kidogo. Mwalimu aliyebaki na madarasa matatu, muuguzi aliyebaki na zamu ya usiku na mchana, walifanya kazi ya watu waliokwenda. Kila saa ya ziada waliyoifanya ilikuwa mchango kwa taifa uliotoka mfukoni mwao wenyewe, kwa sababu walikuwa na nafasi ya kuondoka na hawakuondoka. Katika hesabu za gharama za wakimbizi ziliandikwa tani za mahindi, mita za mabomba na barabara zilizoharibika. Saa za mtu aliyebaki hazina safu katika hesabu hizo. Uongozi usiotambua kazi ya aina hiyo wakati inapofanyika hauwezi kuikumbuka baadaye, maana haimo kwenye jalada lolote.

Mwezi Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda walirejeshwa kwao. Kambi ya Lukole ya wakimbizi wa Burundi iliendelea kuwapo miaka kadhaa, lakini ajira nyingi za mashirika zilikwisha kama zilivyokuja. Mikataba ya mashirika ilikuwa na tarehe ya mwisho. Haikuwa na pensheni. Jambo hilo nalo ni fundisho kwa anayedhani kwamba malipo manono ndiyo heshima yote. Shirika lilinunua ujuzi wa mtu kwa muda lililouhitaji, likaondoka. Mwenye wajibu wa kumtazama mtu huyo kama raia, kabla na baada, alikuwa ni Serikali yake.

BIHARAMULO, 2025

Miaka 30 baadaye jaribio lilihamia wilaya jirani. Tarehe 20 Januari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza Dodoma, akiwa pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, kwamba ugonjwa wa Marburg umethibitishwa katika Mkoa wa Kagera. Wilaya iliyohusika ilikuwa Biharamulo. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 10: wawili waliothibitishwa maabara na wanane waliohesabiwa kwa dalili na mahusiano yao na wagonjwa. Wote 10 walifariki. Watu 281 waliokuwa wamekutana na wagonjwa walifuatiliwa kwa siku 21, na baada ya hapo zikahesabiwa siku 42 tangu mgonjwa wa mwisho bila mgonjwa mpya.

Takwimu hizi husomwa haraka. Tuzisome polepole. Watu 281 kufuatiliwa maana yake ni kwamba kuna mtu aliyekwenda kwenye nyumba hizo, akasimama kwa mbali, akauliza habari za homa, akaandika, kesho akarudi. Wengi wa watu wa namna hiyo katika vijiji vyetu ni wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao malipo yao ni madogo. Sampuli ilipimwa katika maabara inayohamishika ya Kabaile, mkoani humo, kisha ikathibitishwa Dar es Salaam. Kuna aliyeichukua kutoka kwenye mwili wa mgonjwa ambaye hakuna aliyejua kwa hakika anaumwa nini. Kuna aliyeendesha gari. Kuna aliyevaa mavazi mazito katika jua ili azike maiti ambayo ndugu walikatazwa kuiosha, na akavumilia laumu zao. Kuna mfagizi aliyesafisha chumba kile kwa dawa ya klorini. Na wote hao walikuwa wanajua yaliyotokea Bukoba Vijijini mwaka 1 na miezi 10 kabla, mwezi Machi 2023, katika mlipuko wa kwanza wa ugonjwa huu nchini, ambapo mtumishi wa afya alikuwa miongoni mwa waliofariki.

Sasa, kazi hiyo hushukuriwa namna gani? Desturi yetu ni kuishukuru kutoka juu kwenda chini, na kuishia katikati. Wizara hushukuriwa, mkoa hushukuriwa, wafadhili hushukuriwa kwa majina, kisha husemwa «na wataalamu wetu wote». Dereva na mfagizi wamo ndani ya neno «wote», mahali ambapo hakuna anayewaona. Ukimwuliza msema hotuba atakujibu kwamba muda hautoshi kumtaja kila mtu. Ni kweli hautoshi kwenye jukwaa la taifa. Lakini kwenye kituo cha afya chenye watumishi 12 unatosha, na yule anayepaswa kutaja ni mganga mfawidhi, siku hiyo hiyo, mbele ya wenzao, kwa jina na kwa kazi aliyoifanya mtu. Sifa inayosema «mmefanya kazi nzuri» haigusi. Inayosema «Ndugu fulani alirudi kwenye nyumba ile siku 21 mfululizo, hata siku aliyofukuzwa kwa fimbo» inagusa, kwa sababu inaonyesha kwamba kuna aliyekuwa anatazama.

Jambo hili si la hisia tu. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi. Biharamulo ina barabara kuu ambazo malori ya Rusumo na Kabanga hupitia Lusahunga na Nyakanazi usiku na mchana, na misitu yake ina popo na wanyama wanaoweza kubeba magonjwa kama haya. Mlipuko mwingine unaweza kuja. Siku hiyo tutamhitaji mhudumu anayeijua kila njia ya mguu ya kijiji chake, na mhudumu huyo hapatikani kwa tangazo la kazi. Yuko pale kwa sababu hakuomba uhamisho. Watumishi wapya wanaopangiwa wilaya za pembezoni huomba kuhama mapema kwa sababu nyingi, na baadhi ya sababu hizo, kama maji, umeme, nyumba, na mume au mke aliye mbali, ziko nje ya uwezo wa mkuu wa kituo. Kupokelewa siku ya kwanza, kuonyeshwa nyumba, kutambulishwa kwenye serikali ya kijiji, na kuambiwa baada ya miezi sita kwamba wajawazito wameanza kuja kujifungulia kituoni kwa sababu yake, hayo yamo ndani ya uwezo wake kabisa.

MGEMA NA TEMBO LAKE

Katika kila semina hutokea ndugu mmoja akasimama na kusema: «Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.» Ukumbi hucheka, na mjadala huonekana umekwisha. Watu wa Ngara hawagemi mnazi, wanakamua ndizi wakapata rubisi, lakini methali wanaielewa vizuri. Wakubwa wengi wa ofisi wameifanya kuwa kanuni ya utawala: usimsifu mtumishi, atavimba kichwa, atalegea.

Tuichunguze. Mgema yule alitia maji kwa sababu wanywaji walimsifu wakaacha kuonja. Walisifu jina lake badala ya kusifu tembo la siku hiyo. Angejua kwamba kila kibuyu kitaonjwa, na kwamba kizuri kitasemwa kizuri na kibaya kitasemwa kibaya, maji yangebaki kisimani. Methali inaikataza sifa isiyo na ukaguzi, nasi tunaikataza pia. Tena wahenga hao hao walisema chanda chema huvikwa pete, na mcheza kwao hutunzwa. Ni ajabu kwamba methali hizi mbili hazikumbukwi na mabwana wakubwa zinapowahusu walio chini, ila huzikumbuka vizuri wao wenyewe wanapostaafu.

Ukaguzi una vyombo vyake. Mwaka 2004 ulianzishwa utaratibu wa wazi wa mapitio na tathmini ya utendaji kazi, maarufu kwa jina la OPRAS, ambamo mtumishi na msimamizi wake walipaswa kukubaliana malengo na kukaa pamoja kuyapima. Wazo lilikuwa zuri na la kidemokrasia. Katika ofisi nyingi liligeuka kuwa fomu za kujazwa kwa haraka mwisho wa mwaka, msimamizi akisaini bila kukaa na mtu. Sasa umewekwa mfumo wa kompyuta, PEPMIS, ambao humtaka mtumishi aingize kazi zake mara kwa mara. Nao ni chombo. Urasimu unaweza kukila kama ulivyokila kile cha kwanza, hasa pale mwalimu wa shule ya kijijini anapolazimika kupanda mlima kutafuta mtandao ili aandike kwamba amefundisha. Mashine huhifadhi alama, lakini alama bila mazungumzo ni kipande cha manamba kilichopakwa rangi mpya.

MFANYAKAZI HODARI

Tumefika kwenye desturi inayojulikana na wote, ya kuwatangaza wafanyakazi hodari Mei Mosi. Ni desturi nzuri na hatupendekezi iachwe. Lakini makada waangalie inavyofanyika. Sehemu nyingine mkubwa huandika jina ofisini na kulipeleka. Sehemu nyingine wafanyakazi wameamua iwe zamu, mwaka huu idara hii, mwaka ujao ile, hivyo hodari wa mwaka hujulikana miaka mitatu kabla hajafanya uhodari wowote. Zamu hiyo huchekwa, ila tuielewe: ni wafanyakazi wanaojitetea dhidi ya upendeleo. Wameona kwamba chaguo la mkubwa halina haki, wakachagua mgao.

Upande mwingine wa hatari tuutazame katika historia ya ujamaa duniani. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 1935, mchimbaji wa makaa Aleksei Stakhanov katika eneo la Donbas huko Umoja wa Kisovieti alisemekana kuchimba tani 102 katika zamu moja, mara 14 ya kiwango. Alifanywa shujaa wa nchi nzima. Mambo mawili yalisahauliwa katika shangwe hizo. La kwanza, alikata makaa wakati wenzake walikuwa wakiweka nguzo za kuzuia mwamba, kazi ambayo siku za kawaida mchimbaji aliifanya mwenyewe. Tani zile zilikuwa za watu zaidi ya mmoja. La pili, baada ya mashujaa kama yeye kupatikana, viwango vya kazi vilipandishwa kwa kila mfanyakazi, na wengi wakawachukia mashujaa hao. Heshima iliyotolewa kwa mmoja ikawa mzigo kwa wote. Sisi hatuna sababu ya kurudia jambo hilo. Sampuli ya Biharamulo ilipita katika mikono mingi, na cheti kimoja kwa mkono mmoja kingekuwa si kweli. Pale kazi ilipofanywa na kundi, kundi litajwe.

Njia iliyo bora ni ile ambayo wafanyakazi wenyewe wanapendekeza katika mkutano, sababu zinasomwa kwa sauti, na yeyote ana haki ya kuuliza. Mabaraza ya wafanyakazi katika utumishi wa umma yamewekwa na sheria ya mwaka 2003 ya majadiliano ya pamoja, na hii ni kazi yao halali. Kwa bahati mbaya mabaraza mengine hukutana mara moja kupitisha bajeti, wajumbe wakapata posho ya kikao na chai, wakatawanyika.

Makada wa matawi wasisahau pia kwamba wafanyakazi si watumishi wa Serikali peke yao. Mgodi wa dhahabu wa Biharamulo, uliojulikana kama Tulawaka chini ya kampuni ya kigeni, ulichukuliwa na Shirika la Madini la Taifa mwaka 2013 na kuendeshwa na kampuni yake tanzu ya STAMIGOLD. Mahali kama hapo, mchimbaji anayeonyeshwa hesabu za mgodi wa umma anaheshimiwa kuliko anayegawiwa fulana. Na wako walio wengi zaidi: wahudumu wa nyumba za wageni na migahawa ya Benaco, Lusahunga na Nyakanazi, utingo wa malori, vibarua wa mashamba, wasichana wa kazi majumbani, wakiwamo walio majumbani mwa makada. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, na ajira inapokwisha ampe cheti cha utumishi. Msichana aliyefanya kazi miaka mitano katika nyumba ya wageni huondoka na mfuko wa nguo tu. Karatasi moja yenye jina lake, kazi yake na miaka yake ingemfungulia mlango Kahama au Mwanza, nayo humgharimu mwajiri bei ya karatasi.

Kwa matawi ya wilaya hizi mbili, kipindi cha kati ya Januari na Aprili kinatosha kufanya maandalizi. Makatibu waombe kumbukumbu za baraza la wafanyakazi la halmashauri na waangalie lilikutana lini. Waulize kila kituo cha afya na kila shule ni nani anayedai nauli ya likizo na tangu mwaka gani, na orodha hiyo isomwe kwenye kikao kabla ya orodha ya wafanyakazi hodari haijafunguliwa. Waulize majina ya wale waliofanya kazi ya Marburg katika kila kijiji, wakianza na madereva, wafagizi na wazikaji, na majina hayo yaandikwe kwenye jalada la kituo, kazi ya kila mtu mbele ya jina lake, tarehe ikiwapo.